Niliona ndege ya vita juu ya trela pale Miritini. Mbona haikuruka yenyewe?

Swali: Nauza mahamri na mbaazi kando ya barabara kuu pale Miritini, Mombasa. Juzi, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, lilisimama trela refu la chini limebeba ndege ya kijeshi isiyo na mabawa. Mbele palikuwa na gari la taa za kumetameta, nyuma lori la pili limefunikwa turubai. Mafundi walikunywa chai kwangu karibu saa nzima wakingoja polisi, lakini hawakuwa wasemaji. Niliyoyaona: viti viwili, cha nyuma kimeinuka kuliko cha mbele, matundu mawili ubavuni kama masikio, tumboni pengo kubwa, na vifuniko vidogo vyekundu vya plastiki kila mahali. Kioo cha juu kina mistari ya mawimbi, kama kimepasuka. Jirani yangu anasema ilianguka. Mwingine anasema tajiri ameinunua aiweke hotelini. Mwanangu wa gredi ya nne anauliza mbona haikuruka yenyewe, na kama itaruka tena. Na mimi nauliza: tulikuwa salama kukaa karibu nayo?

Jibu: Mama, kwa saa moja ya chai umeona mengi kuliko niliyoyaona mimi mwezi wangu wa kwanza kwenye hanga. Nimekuwa fundi wa mwili wa ndege sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimestaafu kama huyo mgeni wako. Nianze na kioo.

Hakikupasuka. Mistari ile ya mawimbi ni uzi mwembamba wa baruti, umegandishwa pale makusudi. Na hicho kioo si kioo cha dirishani, ni akriliki, plastiki nene inayopitisha mwanga. Rubani akifikwa na balaa angani huvuta mpini wa kiti chake. Uzi hulipuka na kuivunja akriliki vipande vipande, kisha kiti humfyatua kwenda juu kwa baruti na roketi. Uzi usipotangulia, kichwa cha rubani ndicho kitakachofungua njia.

Si kila ndege ya kivita ina mistari hiyo. Harrier na Tornado zilikuwa nayo. Lakini ukinitajia na viti viwili, cha nyuma kimeinuka ili mwalimu aone juu ya kichwa cha mwanafunzi, na masikio mawili ya kuvutia hewa, na lile pengo la tumboni, mawazo yangu yanakwenda kwa Hawk. Ni ndege ya mafunzo na mashambulizi mepesi, ya Kiingereza, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1974. Kikosi cha maonyesho cha Uingereza, Red Arrows, kimeirusha kwa miaka mingi. Kenya nayo ilinunua 12 za aina ya Mk 52, zikaletwa 1980 na 1981. Sitaapa kwa maelezo ya kibanda cha chai, ila nitakujibu kana kwamba ni Hawk, kwa kuwa hata ikiwa ndege nyingine kazi yake barabarani ni ileile.

Jirani wa kwanza mwambie hapana. Ndege iliyoanguka haisafiri imenyooka hivyo. Huja kwenye lori la kawaida, vipande vimekunjamana na vimefungwa vibandiko vya namba, na hakuna anayehangaika kuziba mirija yake kwa vifuniko vyekundu. Hivyo vifuniko tutavirudia, maana kwangu ndivyo habari kubwa kuliko zote.

Sasa swali la kijana. Mpe kipande cha waya wa kufungia kuni, mwambie aukunje na kuunyoosha mahali pamoja. Mara ya kwanza haonekani kufanya kitu. Mara ya kumi waya umepata joto. Akiendelea, unakatika, na hakutumia nguvu zaidi ya mara ya kwanza. Bawa la ndege ya kivita linakunjwa hivyo kila rubani anapopinda kwa kasi, kwa sababu wakati huo ndege hubeba uzito wake mara nne, mara tano. Ndani yake kuna kifaa kinachohesabu mikunjo hiyo, na wahandisi hugeuza hesabu ile kuwa umri. Umri ukifika, ndege inateremshwa hata kama rangi yake ingali inang'aa. Nimewahi kuona ndege imestaafu ikiwa safi kuliko gari la arusi, na nyingine mbovu wa sura bado inapaa kwa sababu hesabu yake haijaisha.

Ikishateremshwa, huanza kunyofolewa. Injini nzima inayofaa itahamia kwa dada yake anayeruka. Vivyo hivyo redio, pampu, breki, saa za kwenye dashibodi. Miaka miwili baadaye unachokiona ni mwili tu. Ukitaka kuirusha hata kwa nusu saa hadi inakokwenda, itabidi urudishe yote hayo, uyakague, upate mtu wa kutia sahihi kwamba ni salama, halafu umpate rubani anayeiamini sahihi hiyo. Kukodi lori ni rahisi mno ukilinganisha.

Ila rahisi kwa pesa. Kwa kazi, ni jambo jingine.

Watu wakiona ndege juu ya trela hudhani shida ni uzito. Kila siku kontena tupu la futi 40 linapita mbele ya kibanda chako likirudi bandarini Kilindini. Kontena hilo lina tani tatu na robo tatu hivi. Hawk tupu ina tani tatu na nusu na kidogo, na hiyo ni pamoja na injini. Kwa mizani ya Mariakani ndege ile ni unyoya. Linalosumbua ni umbo. Kontena lina upana wa mita 2.44, na barabara yetu, madaraja yake, vizuizi na vibanda vyake vyote vimezoea upana huo. Hawk kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine ni mita 9.39. Mabawa madogo ya mkiani ni mita 4.39. Ikisimama kwa magurudumu yake, mkia unafika karibu mita 4 kutoka ardhini, kabla hujaipandisha juu ya chochote. Kwa hivyo mafundi wanashughulika na sentimita. Kilo hawazijali.

Na hapo ndipo pengo la tumboni linapoingia. Ndege nyingi bawa la kulia na la kushoto ni vitu viwili, kila kimoja kinashikwa ubavuni. Hawk imeumbwa tofauti: bawa ni kipande kimoja kizima, kutoka ncha hadi ncha, na mwili umekaa juu yake kama mtu aliyekalia ubao. Linashikwa na bolti sita. Sita tu! Mtu akisikia hivyo huogopa kupanda, lakini kila bolti ni ya chuma maalumu na imekaa kwenye tundu lililochongwa kwa usahihi ambao fundi wa gereji hatakutana nao maisha yake yote. Ukishakata mirija ya mafuta, nyaya, na fito za kuendeshea, unaushika mwili kwa kreni, unatoa bolti, unaunyanyua mwili taratibu, bawa linabaki chini kwenye viegemezo. Lile pengo uliloliona ni kiti cha bawa.

Bawa lenyewe, nina hakika, lilikuwa kwenye lori la pili chini ya turubai. Huwa halilazwi, kwa kuwa barabara haina mita tisa za kulipatia. Husimamishwa kwenye fremu ya vyuma au mbao, ukingo wa mbele chini, likawa kama dau lililoegemezwa ukutani. Hapo urefu wake unalala kando ya lori, na mita tisa na kitu ni fupi kuliko kontena la futi 40. Kwa kuwa limepinda kuelekea nyuma, kimo chake kinapita mita 3 kidogo, na ndiyo sababu nalo linahitaji trela la chini. Penye mguso huwekwa magodoro ya zamani au vipande vya zulia. Mnyororo hauruhusiwi kugusa ngozi ya ndege. Kwingi ngozi ile ni nyembamba kama sufuria, nguvu yote iko kwenye mbavu za ndani, na ukifunga mkanda katikati ya mbavu mbili utafika safari na ndege yenye kiuno.

Kuna kosa moja ambalo kila fundi hulifanya mara moja. Ndege imepimwa isimame sawa ikiwa na kila kitu ndani yake. Ukitoa viti vya pua, ukitoa na vyombo vizito vya redio, uzito wote umehamia nyuma. Umewahi kuona mkokoteni wa hamali uliopakiwa vibaya, mikono ikapaa juu na hamali akaning'inia? Ndege hufanya hivyo hivyo. Huketi kwa mkia, pua ikitazama mbingu, kimya kimya, saa ambayo hakuna aliyeiangalia. Dawa yake ni kuweka kiegemezo chini ya mkia kabla ya kugusa kitu, au kutundika mifuko ya mchanga puani. Mimi yalinikuta nikiwa kijana, na bosi wangu hakunipigia kelele. Alileta kiti, akaketi mbele ya ndege ile, akaagiza chai.

Njia nayo ni somo. Mzigo wenye upana au kimo kisicho cha kawaida hauingii barabara kuu bila kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, na kwenye kibali hicho njia inatajwa. Polisi mliokuwa mkiwangoja ni sehemu ya safari, kama dereva. Kabla ya siku yenyewe mtu hupita njia nzima na fimbo ndefu iliyopimwa, akigusa nyaya za umeme na matumbo ya madaraja ya waendao kwa miguu. Anaandika kila mti ulioinamia barabara na kila mzunguko ambao trela refu litaushindwa. Kisiwani Mombasa pangekuwa adhabu, lakini upande wenu wa bara, tangu kufunguliwa kipande cha Miritini cha barabara ya Dongo Kundu mwaka 2018, mizigo ya namna hii imepata pa kupumulia badala ya kubanana na malori ya Changamwe.

Fimbo ile usiidharau. Safari moja, mbali na Mombasa, mimi ndiye niliyeamini kibao. Daraja liliandikwa kimo chake, ndege yetu ilikuwa chini ya kimo hicho kwa upana wa kiganja, nikasema twende. Nilichosahau ni kwamba tangu kibao kibandikwe, barabara ilikuwa imewekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, na daraja halikuinuliwa. Tulisimama huku mkia ukiwa umebakisha unene wa kidole, nyuma yetu foleni ya mabasi na matusi ya kila kabila. Tukatoa upepo kwenye matairi ya trela, moja baada ya jingine, hadi ndege ikashuka vya kutosha, tukaivuta kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, kisha tukatumia saa mbili kurudisha upepo. Tangu siku hiyo siamini maandishi yoyote ya barabarani.

Na sisi tulikuwa na mkia mmoja tu. Oktoba 2012 Wamarekani walipitisha chombo cha anga, Endeavour, kwenye mitaa ya Los Angeles hadi jumba la makumbusho, mabawa yake yakiwa hayatolewi: upana wa mita 24 hivi. Miti kama 400 ilikatwa kupisha njia, na wakazi wakalalamika kweli kweli. Hawk ya bolti sita haikuhitaji hata tawi la mwarobaini.

Kijana asidhani ni aibu kwa ndege kubebwa. Kuanzia 1940 Waingereza walikuwa wakipakia ndege za kivita kwenye masanduku, wakazishusha bandarini Takoradi, Ghana ya leo, wakaziunganisha papo hapo na kuzirusha kukatiza Afrika hadi Misri. Viungo vya ndege huwekwa na mbunifu tangu karatasini, akijua kwamba kiwandani bawa na mwili vitaanza maisha yao mbalimbali.

Umeuliza kama mlikuwa salama. Hapa sitakuchekesha.

Vitu viwili vinavyoua haraka ni kiti na ule uzi wa kwenye kioo. Utaratibu ni kwamba mafundi wa silaha huvitoa au huvifisha kabla ya ndege kuachiwa kutoka, na viti ndivyo vya kwanza. Lakini wewe na mimi hatuwezi kwa macho kutofautisha uzi ulio hai na uliokufa, wala kiti chenye baruti na kisicho nayo. Kwa hivyo kanuni ya kibandani ni moja: mtoto asipandishwe kwa ajili ya picha, hata kama askari mwenyewe anacheka na kumwita.

La pili ni mafuta. Tangi hukaushwa kabla ya safari, na watu husikia "limekaushwa" wakatulia. Mafundi wa kuchomelea wa Changamwe, waliolelewa na harufu ya mafuta, watakuambia kwamba tangi tupu lenye mvuke ni la kuogopwa kuliko tangi lililojaa. Hivyo kilichonitia wasiwasi katika barua yako yote ni jiko lako la makaa, Mama. Mara nyingine trela kama hilo, au hata tangi la kawaida la mafuta, likitaka kusimama ubavuni mwako, mwambie dereva asogee mbele kwanza ndipo umuuzie. Atasogea. Dereva mwenye njaa husikiliza.

Mengine ni madogo zaidi. Kuna chupa za gesi ya naitrojeni zenye mgandamizo mkubwa, kwa ajili ya breki na magurudumu. Na ndani ya mwili, palipokuwa wazi, huenda uliona rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Ile ni dawa ya kuzuia kutu yenye kromati. Kuigusa si tatizo, kuipiga msasa na kuvuta vumbi lake ndilo tatizo, kwa kuwa kromati huleta saratani. Hili nawaambia hasa vijana wa vyuma chakavu wanaokata mabati ya ndege bila hata kitambaa puani.

Na huyo tajiri wa hoteli? Inawezekana. Mali ya serikali iliyokwisha kazi huuzwa kwa kufuata sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, na biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka huohuo yenye leseni. Ndege ya kivita ina mlango mmoja zaidi: nchi iliyoitengeneza mara nyingi huwa na neno lake kuhusu nani auziwe. Marekani ilipozistaafisha ndege zake za kivita za F-14 mwaka 2006, nyingi zilisagwasagwa kwa mashine kwa sababu Iran ilikuwa ingali inarusha ndege hizohizo na ilikuwa na njaa ya vipuri. Ndege ya mafunzo haileti hofu kubwa namna hiyo, ila karatasi ni lazima.

Lakini ningemshauri tajiri huyo aiweke bara, asiiweke ufuoni. Marekani huhifadhi maelfu ya ndege zake kuukuu katika jangwa la Arizona kwa sababu kule ni kukavu. Sisi tuna upepo wa kusi unaobeba chumvi hadi kwenye makabati ya nguo. Alumini ikikutana na bolti ya chuma, katikati pakapita maji ya chumvi, umetengeneza betri, na inayoliwa ni alumini. Huanza kama chunusi chini ya rangi, kisha unga mweupe, kisha unaweza kutoboa bawa kwa bisibisi. Aking'ang'ania, basi aioshe kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi kila baada ya wiki chache, atoboe pa kutokea maji, na azibe yale masikio mawili kwa mbao siku ileile ya kwanza. Asipoziba, kunguru wa Mombasa watahamia, na ndege wa kweli ndani ya ndege wanajua kuharibu kuliko chumvi.

Sasa vile vifuniko vyekundu. Ndege inayopelekwa kusagwa haitolewi bolti. Bawa hukatwa kwa msumeno wa umeme mahali palipo karibu, mirija inaachwa wazi ikidondosha matone, nyaya zinaning'inia kama utumbo. Umesema pengo la tumboni, hukusema penye makovu ya msumeno. Umesema vifuniko kila mahali. Mtu alikaa akaziba kila mrija mmoja mmoja ili vumbi na nyigu wasiingie, na kazi hiyo huchukua siku nzima na haina sifa. Mtu haifanyi kwa kitu atakachokisaga.

Kwa hivyo mwambie kijana haitaruka tena, maana injini yake huenda iko tumboni mwa ndege nyingine na hesabu ya mikunjo yake imefika mwisho. Ila mahali fulani itapandishwa tena juu ya bawa lake, watu watazitafuta zile bolti sita, na mwanafunzi wa ufundi au mtoto wa rika lake atasimama chini yake akiuliza hayahaya. Na ukiwaona tena wale mafundi wasio wasemaji, waulize nani aliyeziba mirija. Huyo mpe andazi la bure, uniandikie mimi deni.